Vestina na mafundi wasioulizana bila kuamkiana

Saa mbili na nusu asubuhi, katika duka moja nyuma ya soko la Bukoba, Vestina Kokuberwa amekaa kwenye stuli karibu na rafu ya sindano. Simu iko mkononi, anasoma na kutabasamu peke yake.

"Mafundi wa Kagondo wameamka," anasema bila kuinua macho. "Wa Muleba bado."

Vestina, 36, ni muuzaji katika duka la cherehani na vipuri ambalo siku hizi linauza pia mtandaoni. Fundi aliyeko Muleba anachagua mkanda au sindano kwenye simu yake, mzigo unapandishwa basi. Kwa kazi hiyo analipwa Sh310,000 kwa mwezi.

Mwaka jana alimwomba bosi wake, Umang Suryakant, aongeze kwenye tovuti ya duka ukurasa wa mafundi kuulizana na kujibizana. Ukaitwa Jukwaa la Mafundi. Leo saa kumi jioni mkataba wa kuuendesha ukurasa huo unaisha, na Umang ataamua kama ubaki au ufungwe.

"Sijalala vizuri," Vestina anakiri. "Nikikwambia sijali nitakuwa nakudanganya."

Ana sababu. Mama yake, Kemilembe, alikuwa akishona nguo nyumbani Kashozi. Siku moja cherehani ikaanza kuruka mishono. Mtu aliyeitwa kuitazama akasema imekufa. Mama akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakushona tena.

"Nimekuja kuanza kazi hapa ndiyo nikajua ile ilikuwa springi ya Sh3,000," anasema. "Niliumia sana. Mama hakukosa hela. Alikosa mtu wa kumuuliza."

Basi jukwaa likafunguliwa, na kwa miezi minne likawa kimya kama darasa ambalo hakuna aliyefanya zoezi. Wanachama walikuwa saba, watatu kati yao ni Vestina, Umang na kijana wa Mwanza aliyeitengeneza tovuti. Vestina aliandika "Nani ana swali?" mpaka akaona haya.

Jibu alilipata Rubya, alikokwenda kumpelekea cherehani mpya Ma Immakulata, mshonaji wa sare za shule. Ma ndivyo Wahaya wanavyomwita mama wanayemheshimu, na mzee wa kiume ni Ta. Vestina akamuuliza mbona haandiki.

"Mwanangu, humo naona mtu anaitwa Fundi77," mama huyo alimjibu. "Ni mkubwa wangu au mjukuu wangu? Nimwamkie vipi? Nikimpa mtu mzima salamu ya mtoto, si ataniona sina adabu? Bora nikae na swali langu."

Salamu za Kihaya hufuata umri, na kuomba jambo kabla ya kusalimia ni utovu wa adabu. Vestina mwenyewe ni Mhaya. "Nilijicheka njia nzima," anasema. "Nilisahau nilikozaliwa."

Aliporudi alifuta majina ya bandia. Kila mwanachama sasa anaandika jina lake halisi, mahali anapoishi na mwaka aliozaliwa. Ndani ya miezi mitatu wakafika 286. Maswali yakaja, na majibu pia. Ila kabla ya swali kuna salamu, na salamu zenyewe zina urefu wake.

Hapo ndipo anapogombana na bosi, kwa upole. Umang amezaliwa Bukoba, na hapendi kumuudhi mtu. "Dada Vestina ni mfanyakazi mzuri," anasema. "Lakini hebu tazama. Mistari kumi, tisa ni habari za watoto na kahawa imekaukaje. Duka ni la kuuza, si la kuamkiana."

Ukurasa ukibaki, Vestina anataka uongezewe sehemu ya kutuma sauti. Wapo mafundi wazuri sana ambao kuandika kunawashinda, na hao ndio anaowawaza zaidi.

Saa tisa alasiri Umang anatoka stoo na cherehani ya mkono ya marehemu bibi yake, Sushila. Anaiweka kaunta. Anataka kulipima jukwaa mwenyewe, kwa haki. Anaandika: "Uzi wa juu unakatika kila mishono mitano. Tatizo ni nini?"

Dakika ishirini zinapita. Watu arobaini wamelisoma swali, hakuna aliyejibu.

"Umeona?" anasema Umang, na sauti yake haina furaha.

Vestina anasogea, anasoma, anaziba mdomo kwa kiganja. "Bosi, hujasalimia."

Umang anamtazama. Kisha anaandika upya, taratibu: "Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Mimi ni Umang, nimezaliwa 1988, mjukuu wa mama Sushila wa dukani. Kushona sijui."

Hajafika kwenye swali, majibu yanaanza kuingia. Ta Lwakatare wa Kamachumu, aliyezaliwa 1952, anaitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani. Anasema cherehani yake ya kwanza aliuziwa na bibi huyo huyo, akapunguziwa bei. Halafu analirudia swali la mwanzo: fungua bamba la chuma chini ya sindano, pitisha ukucha kwenye tundu, ukikuta panakwaruza sugua kwa msasa laini.

Panakwaruza. Umang anasugua, anarudisha bamba, anazungusha mkono wa cherehani. Mshono unakwenda mpaka mwisho wa kitambaa, uzi mzima. Anaupapasa kwa kidole, kisha anarudi kwenye simu yake.

Saa kumi na dakika tano simu ya dukani inaita. Ni kijana wa Mwanza, anauliza aufunge ukurasa au auache. Vestina amesimama na pakiti ya sindano mkononi.

"Subiri kwanza," Umang anamwambia kijana, huku bado anaandika. "Kuna mzee ameniuliza habari za nyumbani, sijamjibu."