Harusi Niliyoipiga kwa Sikio Moja

Kazi yangu ilianzia mlangoni. Katika harusi za kisiwani kwetu Amu, upande wa wanawake hauingii mwanamume, na mwenye kukodisha spika alikuwa mwanamume. Alizifikisha hadi kizingitini, akazikagua nyaya zake kwa mara ya mwisho, akaondoka. Ndani palitakiwa msichana wa kubonyeza vitufe. Siku hiyo nilikuwa nimekaa karibu na soketi, nikawa mimi.

Harusi zikafuatana. Nilijifunza kwamba wanawake wakishasimama kucheza, kinachowakalisha ni kile kimya cha kubadilisha wimbo, nikaanza kuuingiza wimbo wa pili kabla wa kwanza haujaisha. Taarabu ilikuwa na shida yake, nayo ni maneno. Kila ubeti ulikuwa na mtu wake ukumbini, na aliyeinuka kuuchezea alikuwa akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Kisha binamu yangu aliyekuwa akisoma Nairobi alinipa flashi yenye muziki usio na maneno, house na techno, mapigo tu yanayokwenda na kurudi. Niliuweka alasiri moja wageni wakila. Bibi mmoja aliacha sahani yake akasikiliza.

"Huu haumsuti mtu," alisema, akaanza kutikisa mabega akiwa amekaa.

Nilipokwenda Nairobi kusomea kazi za hoteli, nilijua tayari ninachokitafuta. Nilikipata katika gereji moja ya eneo la viwandani. Wikendi magari yalisukumwa nje, watu wakaingia. Hapakuwa na bango wala jina; uliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Nilipiga pale kwa miaka, nimejifunga mtandio, harufu ya oili chini ya miguu, na mbele yangu watu wakiyumba macho yamefumbwa, kama mwani maji yakijaa. Baadaye niliitwa Kilifi, Kampala, hata Ujerumani, katika jengo lililokuwa kiwanda cha nini sikumbuki. Mama aliniuliza habari za kazi hiyo mara moja tu, kwa simu.

"Kazi yako hasa ni nini?"

"Nawapigia watu muziki, Mama, wacheze."

"Na wateza?"

"Wacheza sana."

"Haya. Na sala usisahau."

Sikio langu la kushoto liliniacha asubuhi, nikiwa chumbani kwangu Nairobi, hedfoni shingoni, napanga nyimbo. Kwanza ulikuja mlio mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka, kisha upande ule wote ukawa kama umejazwa pamba. Daktari alisema huenda likarudi, huenda lisirudi, na kwamba nikae mbali na kelele. Nikapanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti kurudi kwetu, nimeigeuzia injini sikio zima, kwa sababu nilitaka kusikia kitu.

Miezi ile naikumbuka kama mtu anavyoikumbuka homa. Nililala chumba cha ndani, kwenye kuta nene za mawe, mchana kama usiku. Mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Punda aliyelia kichochoroni alilia ndani ya ukuta. Mama aliniita kutoka jikoni, nikapanda kumtafuta darini, nikamkosa, nikakaa huko huko juu hadi jua likanichoma. Alfajiri adhana ilianza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, ikadakwa na wa tatu, na kwa kuwa sikuweza kuzitenganisha, zilinijia kama sauti moja pana inayopanda kutoka chini ya kitanda. Sisemi adhana ni muziki. Nasema nililala pale machozi yakinitoka, na sikuwa na huzuni.

Kisha binti wa jirani akaposwa, na wenyewe wakaja kumwona Mama.

"Nimewaambia utapiga," aliniambia walipoondoka.

"Mama, mimi sisikii."

"Wasikia nusu. Nusu ya pili ntakupa mimi."

Siku ya harusi, alasiri, alikuja na kiti chake akakiweka kushotoni kwangu. Spika ya upande wake ikizidi, alinigusa bega. Ikififia, alinivuta kidole. Hatukuwa tumepatana lugha hiyo. Aliibuni palepale, nami niliielewa.

Nyimbo za kawaida zilipowachosha wageni, niliweka mapigo yangu ya Nairobi, kwa sauti ya chini. Wakati huohuo wakaingia wanawake wa vugo, kundi la akina mama wenye pembe za nyati na vijiti vya kuzipigia, wanaokuja kumwimbia bibi harusi. Ada ni DJ kuzima na kuwapisha. Nilinyoosha mkono nizime, Mama akaushika.

"Waate waye nao," alisema, nami nikauacha muziki uendelee.

Pembe zilikwenda polepole kuliko muziki wangu. Nilivua viatu niihisi sakafu, nikaanza kushusha kasi, kidogo, tena kidogo. Kwa muda vilikuwa vitu viwili vinavyokutana mlangoni, kila kimoja kikikipisha kingine na vyote vikikwama. Halafu vikaingia pamoja. Mapigo yalinipanda kutoka nyayoni hadi magotini. Sikujua tena pembe ziko wapi na spika ziko wapi, na nilipotazama watu niliona hakuna aliyejua. Vigelegele vilikatika. Wote walicheza. Bibi harusi, aliyetakiwa kukaa ameinamisha macho, aliinua uso. Mkono wa Mama ulikuwa begani mwangu bado, na kupitia mkono ule nikamhisi anayumba.

Aliinama akazunguka hadi sikio langu zima. "Hiki ndicho watezacho huko?"

"Ndicho. Ila hawana pembe."

"Maskini," alisema.

Sikio halikurudi. Nililingoja mwaka mzima, kisha nikaacha kulingoja. Sasa napiga harusi za kwetu, na siku nyingine alasiri napiga kisiwani Manda, mchangani, kwa vijana wanaovuka kutoka Kililana na kwa wageni wachache wa hoteli. Nairobi wakiniita naenda, na namwomba mtu yeyote asimame kushotoni kwangu, ingawa hakuna anayejua kuvuta kidole.

Wale akina mama wa vugo niliwaomba nizirekodi pembe zao. Walikubali kwa sharti: pembe nichukue, nyimbo zao nisizitoe, kwa kuwa sauti zao si za kusikizwa na kila mwanamume wa kila nti ya dunia. Tulikaa darini kwetu asubuhi moja, na kahawa. Walipiga bila kuimba, midomo imebanwa, jambo ambalo hawakuwa wamelizoea, na mmoja wao akashindwa, kicheko kikamponyoka katikati ya mapigo. Nilipofika nyumbani kwake siku ya pili kumwuliza kama nikifute, alifikiri kidogo, akiendelea kuchambua mchele.

"Kiteko si nyimbo," alisema. "Kiate."