Mikono Iliyotoa Machozi

Mtaani walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na ulimi wake ulichoma. Mteja akileta kitambaa kidogo akitaka gauni refu, Sindano alimwambia, "Dada, hapa patatoka gauni la mdoli. Wewe utabaki na mkanda." Watu walicheka, na kesho yake walirudi.

Alishonea kwenye chumba cha mbele, nyumbani kwa mama mkwe wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana kwa kubahatisha. Mlango wa barabarani ulileta wateja, wa jikoni ulimleta mama mkwe. Maisha yake yalipita kati ya milango hiyo.

Pumu ya ngozi ilimwanzia vidoleni, ikapanda hadi kwenye viwiko. Kwanza palimuwasha. Kisha vikatoka vipele, vikapasuka, vikaanza kutoa majimaji yanayonata, rangi ya chai nyepesi. Yakikauka yanageuka gamba, gamba linawasha, analikuna, na majimaji yanatoka upya. Akaanza kuvaa mikono mirefu ya kufika vidoleni, ingawa chumbani mlikuwa kama tanuri. Akivaa, jasho linamchoma. Akivua, wateja wataona na kukimbia. Hakuwa na pa kutokea.

"Mwanangu, mbona umejifunika hivyo na jua lote hili?" mama mkwe aliuliza.

"Mbu, mama."

"Mbu gani huyo anakula mikono tu? Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Sindano akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie zaidi.

Siku hizo alikuwa anashona gauni la harusi, hariri nyeupe pe. Shangazi wa bibi harusi alipokuja kulichukua, alilitandaza mezani, akainama. Kifuani palikuwa na madoa ya manjano.

"Ulikuwa unakula juu ya gauni la mwanangu?"

Sindano akaficha mikono nyuma. Shangazi akamshika mkono na kuvuta nguo juu. Kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi, kikabanduka nayo. Sindano alipiga yowe. Shangazi akarudi nyuma, akijifuta vidole.

"Na mikono hii unatushonea? Tutatafuta fundi mzima."

Habari mbaya haina breki. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua, na wateja wakapotea. Ukabaki mlango wa jikoni.

Hapo mama mkwe alitokea na bakuli la maji ya ndimu na chumvi. "Vumilia. Dawa ya moto ni moto."

Alipotumbukiza mikono, Sindano aliona giza. Mama mkwe mwenyewe alishtuka hadi bakuli likamponyoka. Kesho yake mikono ilivimba, ikanuka, na homa ikapanda. Wakaenda zahanati, mama mkwe akimbebea mkoba kwa sababu vidole havikukunjika.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya pole, aliwasikiliza, akaitazama mikono. "Nani alitia ndimu?"

Mama mkwe akaangalia dari. "Mimi."

"Nia yako njema, mama. Ila ngozi iliyo wazi ni kama jicho. Ungemkamulia ndimu jichoni?"

Akaandika dawa ya kuua vijidudu na ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Kisha akaeleza kazi ya nyumbani. Maji yachemshwe, yafunikwe mpaka yapoe. Kitambaa laini cha pamba kilowekwe humo, kikamuliwe kidogo, kiwekwe juu ya ngozi bila kusugua. Majimaji yakikatika, apake mafuta mazito yasiyo na manukato, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha zikatwe. Sabuni kali, ndimu na kitunguu saumu vikae mbali. Usaha au homa vikirudi, waje upesi.

"Nikifanya hayo nitapona?" Sindano aliuliza.

"Itatulia. Kisha huenda ikarudi, na tutaituliza tena. Ni ya kuishi nayo."

"Kumbe nimeletewa mke mwenza."

Daktari alicheka. Sindano hakucheka.

Nyumbani, mama mkwe alichana shuka kuukuu la pamba. Kila siku Sindano aliketi, mikono yake imelazwa juu ya taulo kama mikate isiyookwa, mtu mzima anayelishwa kwa kijiko.

"Mama, pua."

"Upande gani?"

"Kushoto. Chini kidogo. Hapo, hapo!"

Mama mkwe alimkuna pua kwa uso mkavu kabisa, na wote wakaangua kicheko, halafu Sindano akalia. Daktari alisema hata shayiri iliyosagwa laini, ikichanganywa kwenye maji ya kuogea, hupunguza muwasho. Mama mkwe aliisaga, akaichekecha, akaikoroga kwenye beseni. "Haya, leo nakuogesha uji," alisema.

Majimaji yalikatika polepole. Ngozi mpya ilikuja nyembamba, ya waridi, ikivutika. Sindano akarudi kwenye mashine na mikono mifupi, dirisha wazi, akishona kazi chache za wachache waliorudi. Yule shangazi alipita barabarani akitazama mbele.

Mumewe alipiga simu. "Nasikia uliumwa."

"Naumwa," alimjibu.

Msimu wa joto uliofuata ugonjwa ulirudi, ghafla, asubuhi moja. Sindano aliona tone linang'aa kwenye kidole. Safari hii hakulificha. Akazima mashine, akaenda jikoni. Mama mkwe alitazama kidole, akanyanyua sufuria, akachemsha maji. Yalipopoa, akaanza kuufunika mkono wa kulia.

"Mama, nimechoka," Sindano alisema. "Nimechoka kweli."

"Najua, mwanangu. Lete na huo mwingine."