Jina la Binti wa Kwanza

Kwetu Wanande hakuna haja ya kumwuliza mtu alizaliwa wa ngapi. Jina linasema. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na kuendelea; ukiita moja sokoni Butembo, wanawake kibao watageuka. Mimi ni wa nne. Jina hilo nililijua kabla ya lile la ubatizo, na lilinitosha.

Vita vilipofika Beni, mama alinipakia kwenye lori la mihogo, yeye akabaki kwetu, mtaa wa Ruwenzori, kumwuguza baba. Siku chache baadaye barabara ikafungwa. Butembo parokia ilitugawa sisi wakimbizi kwa familia za Wakristo, nami nikaangukia kwa mjane wa mtaa wa Bulengera ambaye macho yake yalikuwa na ukungu. Binti yake wa kwanza alikuwa amekwenda Mangina kununua mchele, vita vikamkuta huko, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

Mjane alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la binti wa kwanza.

"Mama, miye niko wa ine," nikasema.

"Ingia, bugali inapoa."

Basi. Nilidhani amekosea tu, kesho atazoea. Kesho akanipa kitenge cha binti yake. Majirani walijua ukweli, lakini nao wakaniita hivyohivyo kwa huruma yao, na huruma ya majirani haina breki. Nilikula vizuri, nilipendwa, na sijawahi kuwa mpweke kiasi kile. Aliyekuwa akipendwa si mimi.

Nikifua kile kitenge mtoni nilimfikiria yule kijana wa Maandiko aliyejifunika ngozi za mbuzi, akamwambia baba yake kipofu kwamba yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Tangu utotoni nilimwona mjanja. Sasa nilimhurumia. Baraka aliipata, lakini baba alipomkumbatia, alikuwa akimkumbatia kaka mtu. Nikakumbuka pia kwamba miaka mingi baadaye, kule kivukoni aliposhindana mweleka na Mungu usiku kucha, aliulizwa jina lake kwanza ndipo akabarikiwa. Katekista wetu wa Beni aliliruka swali hilo haraka. Mimi nilibaki nalo, sabuni mkononi. Mungu alilijua jina. Alitaka mwenyewe ajitokeze.

Shida yangu kubwa ilikuwa shirika. Kila wiki Wakristo wa mtaa walikusanyika kwa mjane, na kila mmoja kwa zamu alimtaja kwa sauti anayetaka aombewe. Walitaja waume, watoto, hata mbuzi mgonjwa. Mimi nilitaka kumwombea mama yangu. Lakini kwa jina lile, mama yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, amenishika mkono, mzima wa afya. Basi nikawa nasema, "Tuombee amani," kisha naenda jikoni kulia kwa hasira. Niliogopa kwamba nikisema ukweli nitamwua mjane, na nikinyamaza mama yangu atakufa bila mtu hata mmoja wa Butembo kumtaja mbele za Mungu.

Wiki moja madereva walileta habari kwamba kumepigwa risasi upande wa Ruwenzori. Jioni ya shirika zamu ikanifikia, na ile "amani" ikakataa kutoka.

"Miye niko binti wa ine," nikasema, nikalitaja jina langu. "Mama yangu iko Beni, na baba ni mugonjwa. Sijue kama bangali bazima. Tubaombee."

Mwongoza sala akakohoa. Mkono wa mjane ukatoka kwenye wangu. Nilingoja aniambie nitoke nje.

"Ee Bwana, utusikie," wakaitika hatimaye, na mama yangu akawa ameombewa.

Zamu ikafika kwa mjane. Kila wiki alishukuru kwa binti aliyerudi. Jioni ile hakushukuru.

"Mutoto wangu wa kwanza alienda Mangina," akasema. "Hayarudi bado."

Kisha akaliita jina lake, tena si kwa sauti ya sala. Aliita kwa nguvu, kama mama anayemwita mtoto aliye nyumba ya jirani. Nusura niitike, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Hata akina mama wengine waliokuwa na jina hilohilo walinyamaza, wakiangalia chini. Mjane alisubiri, uso ameuelekeza mlangoni. Hakuna aliyeitika.