Kitufe Kilichoota Kwenye Simu ya Mama Mkwe

Mama Pacha aliitengenezea programu maktaba ya mji, na alichojivunia zaidi ni API yake, ule mlango ambao simu za wasomaji hupitia kuzungumza na seva, kompyuta inayotunza orodha ya vitabu. "Hii ni REST kamili," aliwatambia wenzake, akimaanisha mtindo maarufu wa kujenga milango ya aina hiyo, na kwa kuwa anwani zake zilipendeza macho, hakuna aliyembishia.

Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Asubuhi moja wakutubi walipiga simu: vitabu vinatoweka kwenye katalogi, kimoja baada ya kingine. Aliyevifuta ni roboti ya kutafutia, programu inayozunguka mtandaoni, ambayo kazi yake ni kusoma kurasa tu. Ilifuata kila anwani iliyoikuta, zikiwemo zilizoandikwa "futaKitabu". Mama Pacha alikuwa ameruhusu ombi la kusoma lifute! Roboti ilibisha hodi kwa adabu. Shimo nyuma ya mlango alilichimba yeye.

Walirudisha data kutoka kwenye nakala ya akiba. Kisha wifi yake, dada wa mumewe aliyefanya kazi meza ya pili, akavuta kiti.

"Wifi, usininunie. Hiyo yako imeazima jina la REST tu. Anwani iwe jina la kitu, isiwe amri. Kusoma kusibadilishe chochote. Halafu jibu lenyewe limwambie mtu anaweza kwenda wapi kutoka hapo."

"Mawili ya kwanza nimekubali, maana yameniumbua. La tatu ni mapambo."

"Jaribu, uone."

Akajenga upya huku akinung'unika. Kila kitabu kikapata anwani yake. Kukisoma, kukibadilisha na kukifuta yakawa maombi tofauti kwenye anwani ileile. Na kila jibu likabeba viungo. Kitabu kilichopo rafuni kilikuja na kiungo cha kuazima. Kilichoazimwa kilikuja bila hicho. Programu ya simu haikujua sheria hata moja ya maktaba. Kila kiungo kilikuja na jina lake na aina ya ombi, nayo ikakichorea kitufe, basi.

Miezi ikapita. Mkutubi mkuu akaamua wasomaji waweze kuwekewa kitabu ambacho bado kiko kwa mwingine. Mama Pacha akaongeza kiungo kimoja kwenye seva, akaenda nyumbani kula. Alimkuta mama mkwe wake kwenye kochi, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mwanangu, simu yangu imeota kitu."

"Imeota nini, mama?"

"Kitufe. 'Niwekee.' Jana hakikuwepo. Nimebonyeza, kimeniambia kitabu kikirudi ni changu."

Mama Pacha aliipokea simu kwa mikono miwili. Ilikuwa kuukuu, kioo kina ufa, na mama mkwe alikuwa amekataza katakata mtu yeyote asisasishe chochote humo. Programu ilikuwa ileile ya mwanzo. Hakuna aliyeigusa. Na bado ilijua.

Vinyweleo vilimsimama. Mji mzima, mifukoni na mikobani, simu zilikuwa zimejifunza neno jipya kwa kuambiwa tu na jibu la seva.

"Umekuwaje? Kimeharibika?"

"Hapana, mama. Kinafanya kazi."

"Sasa fundi gani huyo anayeshangaa kazi ya mikono yake?"

Alikaa sakafuni palepale, akawa anabonyeza kiungo hiki kikimpeleka kwenye kile, kutoka kitabu hadi mwandishi, kutoka mwandishi hadi rafu nzima, bila kukumbuka anwani hata moja. Chakula kilipoa.