Uji Alioonja Daktari

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema hata mvua ikinyesha kwetu Nyalukemba, mjini Bukavu, nitauliza imetumwa na nani. Kamati ya maadili ya utafiti inayonituma haijawahi kulalamika, maana kazi yangu ndiyo hiyo: kuwaendea watu wanaofanyiwa utafiti, watafiti wenyewe wakiwa mbali, na kuwauliza kama walikubali kwa hiari na kama wanajua wanaweza kujitoa. Zamani nilikuwa muuguzi. Siku hizi nauliza maswali tu, na watafiti hawanipendi.

Safari ile nilitumwa Nyangezi, kwenye kituo cha afya ambako daktari mmoja alikuwa akijaribu unga mpya wa lishe kwa watoto waliokonda. Baadhi yao walitiliwa unga mpya kwenye uji, wengine ule wa kawaida, na wote walikunywa palepale kituoni kila asubuhi. Daktari aliniambia kwa furaha kwamba hakuna mama hata mmoja aliyekataa. Hapo hapo nikaacha kumwamini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huku kwetu hata chandarua cha bure hakikosi wa kukikataa. Iweje kina mama wote waitikie kama wako kwenye misa?

Nilishuku anawapa sabuni. Nikachungulia vikapu vyao walipokuwa wakitoka, sikuona kitu. Nikashuku muuguzi anawatisha, lakini alikuwa mpole, na upole wake ukanitia wasiwasi zaidi. Mwishowe nikamfuata mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi mno, shingo imelegea.

“Maman, mutoto anakunywaka ule uji muzuri?”

“Anakunywaka.”

“Na kisha?”

Aligeuka kutazama nyuma, njia ilikuwa tupu. “Tukifika ku nyumba, anatapika yote.”

“Docteur anajua?”

“Nitamuambia namna gani? Siku ya kwanza alichota uji, akakunywa mbele yetu, njo akatupatia. Sasa nikisema uji inamutapisha mutoto, ni kama niko namuita murozi. Na kesho mutoto akigonjwa zaidi, nitamupeleka wapi? Kituo iko moja tu.”

Nilielewa mara moja, na nikaona aibu kwamba sikuwa nimeelewa mapema. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Akishaonja, huna nafasi ya kusita. Kukataa kikombe kilichoonjwa ni kumtangaza mwenyeji kuwa mrozi, mtia sumu, na ujirani unaishia hapo. Hata mimi, pamoja na shuku zangu zote, nimewahi kumaliza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha vibaya kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshaonja.

Nilikasirika kweli. Kuonja kunajibu swali moja tu, kwamba huyu mtu hataki kuniua. Hakusemi unga utalifanya nini tumbo la mtoto aliyedhoofika. Isitoshe, daktari alionja aina moja tu ya unga kati ya zile mbili. Na sasa mtoto alikuwa anaisha huku mama yake akificha matapishi ili asimvunjie mtu heshima. Nilimwambia kesho asimpe. Alicheka kidogo bila furaha, akaendelea na njia yake.

Nilirudi kwa daktari bila kumtaja mama yule, maana kazi yetu hairuhusu. Daktari mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko, Walungu.

“Maman, ile ni desturi yetu,” aliniambia. “Bale bazungu banakujaka na makaratasi, batu banakimbia. Miye nilionja tu.”

“Na mwenye hataki?”

“Anaweza kukataa. Nani anamukataza?”

Nilimtazama machoni nikitafuta hila, sikuiona. Aliamini alichokisema. Tulikubaliana kwamba kesho yake, kabla ya uji, azungumze na kina mama wote.

Asubuhi alizungumza vizuri. Alieleza zile aina mbili za unga, akasema asiyetaka aache, na mtoto wake atatibiwa kama kawaida. Hakuna aliyejitikisa. Yule mama wa jana alikuwa mwisho wa benchi, macho chini. Muuguzi alianza kugawa vikombe. Daktari naye, kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni, akachota uji, akaonja, akaninyooshea kikombe.

“Sitaki, docteur.”

“Uko mu dawa?” aliuliza upesi, akinitafutia sababu ya heshima.

“Hapana. Sitaki tu.”

Mama mmoja alijishika mdomo. Uso wa daktari ulisawijika, nami nilidhani atanifukuza mbele ya wote. Aliweka kikombe mezani polepole.

“Haina shida, maman,” alisema. Kisha akageukia benchi na kupaza sauti. “Munasikia? Haina shida.”

Yule mama akasimama. “Na wangu aache,” alisema. “Anatapikaka.”

Muuguzi alimpokea mtoto palepale, akamlaza kitandani, akaanza kumpima. Mama mwingine akauliza kama ni unga huo unaomharisha mtoto wake. Wa tatu akarudisha kikombe, na daktari akakipokea kwa mikono miwili.

Baadaye alinisindikiza barabarani kusubiri gari la kurudi Bukavu.

“Maman,” alisema gari lilipotokea, “ulifikiri nilitia kitu ndani?”

“Hapana, docteur. Hata kidogo.”

Ilikuwa kweli. Alinitazama usoni, akanichunguza kama nilivyomchunguza yeye jana yake, na niliona kabisa kwamba hakuniamini.