Mama Bado na Subaru ya Bluu

Gereji nyingi za Igoma zinaishi kwa neno moja: zimekwisha. Plagi zimekwisha, bushi zimekwisha, breki ndiyo usiseme. Modesta Malimi anaishi kwa neno lingine kabisa, na kwa sababu hiyo mafundi wenzake wamelisahau jina alilobatizwa wakabaki kumwita Mama Bado.

Ana miaka arobaini na tisa, mabega ya mkulima wa pamba na macho ya mwalimu wa zamu. Breki alijifunza kwa madereva wa malori enzi anawauzia uji. Aliwasikia wanavyosifia injini akachoka. "Gari kukimbia siyo habari," husema. "Mwanza hii, hata jiwe ukilisukuma mlimani litakimbia. Habari ni kusimama."

Hapimi kwa sikio wala kwa uso wa mteja. Anafungua tairi zote nne, anachomeka rula ya shule, anapima pedi ya nje na ya ndani, maana ya ndani ndiyo huisha kwanza na fundi mvivu huchungulia ya nje tu kupitia matundu ya rimu. Ikishuka chini ya milimita tatu hana huruma. Kuna mchungaji alimletea Noah pedi zimebaki chuma kwa chuma, akasema ataiombea mpaka ifike Magu. Modesta aliutia ufunguo ndani ya sidiria akamshauri aiombee bodaboda.

Alhamisi moja asubuhi akaingia Yeremia, dalali wa viwanja, na Subaru yake ya bluu: rimu za dhahabu, bomba la moshi pana kama sufuria ya ubwabwa wa msibani. Tairi la mbele lilikuwa linalia kama nguruwe aliyeona kisu.

"Pedi zimekwisha," akasema Chenge, mwenye gereji, kabla gari halijasimama. Chenge ana duka la vipuri hapo hapo mlangoni, na masikio yake hayajawahi kulitia duka hasara.

Yeremia alifurahi kama mtu aliyetangaziwa mapacha. Alikuwa ameshawaambia wenzake wa kundi la Subaru kwamba amemaliza breki kwa kukimbiza. Jumamosi wana msafara wa kwenda Bujora, na alitaka aonekane na pedi nyekundu za mashindano. Dakika tatu baadaye boksi lilikuwa mkononi.

Modesta alinyanyua gari kwa jeki lake la magurudumu, akaliweka juu ya stendi zake nne, akavua tairi. Akapima. Mbele: nje milimita saba, ndani sita na nusu. Nyuma zaidi ya hapo. Diski zilikuwa laini kiasi cha kujitazamia ukichana nywele. Akaizungusha ya mbele kwa mkono: kriiii. Akapenyeza bisibisi nyuma yake, kwenye kinga ya bati, akachokonoa. Kikadondoka kitu cha ukubwa wa punje ya hindi.

"Mwanangu, huwa unapita wapi na gari hili?"

"Kisesa, kwenye viwanja vyangu. Kuna kina mama wanaponda kokoto njiani."

"Basi umewabebea moja bila kuwaaga."

Gereji nzima ilicheka. Yeremia akasogea karibu. "Mama, punguza sauti. Mimi nimewaambia watu ni spidi."

"Ni spidi. Spidi ya kokoto."

Chenge hakucheka. Alishika kadi ya kazi, ile ambayo fundi huandika alichokikuta na kuweka sahihi. "Andika zimekwisha, funga hizi nyekundu. Mteja anazitaka, wewe zinakuwasha wapi?"

"Hizi zinataka moto ndiyo zishike, bosi. Ni za watu wanaozunguka uwanjani mpaka diski inawaka. Huyu atazipashia wapi? Foleni ya Igoma? Asubuhi zikiwa baridi atakanyaga, na atasimama akiwa na muuza nyanya juu ya boneti."

Akachukua kadi akaandika: *Pedi bado. Kokoto moja, limetolewa. Modesta Malimi.* Kalamu ikatoboa karatasi.

"Rudia," akasema Chenge.

"Sirudii."

"Hapa kwangu fundi anayebishana na duka hana kazi. Toa jeki lako uondoke."

Miaka sita Modesta alikuwa amefanya kazi chini ya bati lile. Wateja wote walimjua pale pale. Alifuta mikono taratibu.

"Umesema nitoe jeki?"

"Nimesema."

"Na stendi?"

"Na stendi zako na kiburi chako!"

Akapiga magoti, akalisukumiza jeki chini ya Subaru, akainyanyua kidogo, akaanza kuchomoa stendi ya kwanza. Gari lilikuwa hewani bila tairi hata moja.

Yeremia ndiye aliyeelewa mapema. "Bosi! Gari langu liko juu ya vitu vyake!"

Chenge akageuka kutafuta jeki la gereji. Lilikuwa kwenye kona, limelala kwenye dimbwi la mafuta yake lenyewe. Mafundi wengine, ambao huazima la Modesta kila siku, wote waliona kitu cha maana sana angani.

"Mayu!" Yeremia akapiga kelele, akimwita mama kwa Kisukuma, Kiswahili chote cha mjini kimemtoka pamoja na bablishi aliyokuwa akitafuna. "Mayu, usishushe! Gari litakalia diski!"

"Mimi nafuata amri tu, mwanangu."

"Basi unataka nini?"

"Soma kadi."

"Pedi bado," akasoma, kama anayesomewa hukumu. "Kokoto moja, limetolewa."

"Sauti. Msafara wa Bujora haujasikia."

Akarudia kwa sauti. Modesta akarudisha tairi nne juu ya pedi zile zile, akakaza nati kwa kukingamisha, akashusha. Yeremia akaenda mpaka kona na kurudi, akikanyaga breki kwa nguvu. Kimya.

Chenge akasafisha koo. "Haya, Mama Bado, tusiaibishane. Rudisha vitu ndani."

"Kadi inabaki kama ilivyo?"

Chenge akalitazama boksi jekundu. "Kadi ni karatasi tu."

"Basi na mimi ni jeki tu."

Akalifunga kamba, akapakia stendi juu yake, akalikokota mpaka barabara ya Musoma. Aliinua kiganja, lori la saruji likasimama, akavuka. Ng'ambo, Justa muuza mkaa alisogeza magunia mawili bila kuuliza swali. Modesta akaokota kipande cha mkaa akaandika kwenye bati la kibanda: BREKI. NAPIMA KWANZA.

"Utakula mkaa huko!" Chenge akapaza sauti toka getini.

Modesta akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake. Kisha akaongeza mshale mrefu ulioelekea moja kwa moja kwenye geti lile, na chini yake: KULE HAWAPIMI.