Karoti za Mama Mkwe

Njoo ukae karibu, msomaji wangu, na ukitaka kucheka, cheka. Uani kwetu Mji wa Kale nilikwangua udongo wa juu, nikapanda karoti. Majani yalistawi hata nikamwahidi mama mkwe kwamba karoti za achari ya harusi ya mdogo wa mke wangu zitatoka kwangu, asinunue sokoni.

Juzi akaja na kikapu kikubwa, pamoja na mashangazi wa bibi harusi. Nikawaeleza kwa madaha jinsi karoti inavyong'olewa bila kukatika, kisha nikavuta. Ikatoka fupi kama kidole gumba, imechipua miguu kila upande. Ya pili vivyo hivyo. Kumbe chini ya ule udongo haba ni jiwe la matumbawe, nami sikuwahi kuchimba nikaangalia.

"Mwanangu," akauliza mama mkwe, "umenipandia karoti au umenivulia kaa?"

Mashangazi wakaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi, huku nikipokea kikapu niende sokoni Marikiti.

Basi wewe, kabla ya kupanda, chomeka kijiti udongoni. Kikigonga jiwe kabla ya kuzama shubiri moja, panda mchicha. Kikipita hapo, panda karoti.